Binti Yangu Anasoma Riwaya za Damu: Nimzuie au Nimwache?

*Kamwene, Mwalimu. Nakuandikia kutoka Makambako. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ni mtulivu, na darasani anafanya vizuri, Kiingereza ndiyo kabisa. Tangu likizo hii ya Juni ianze hatoki na simu mkononi. Nilidhani ni mambo ya wavulana. Juzi alipokwenda kuchota maji nikaishika ile simu, nikakuta ni kitabu, riwaya ya Kiingereza ya kurasa zaidi ya 600, ametumiwa na binamu yake anayesoma chuo Iringa. Ukurasa aliouacha wazi, mtu amefungwa kwenye mti anachunwa ngozi akiwa hai, na mwandishi anaeleza mpaka sauti. Nilikaa chini. Nilipomuuliza akasema ni hadithi tu za dunia ya kubuni, za wafalme na wachawi, na kwamba akizisoma hasira zinamwisha. Baba yake yuko safarini Tunduma, amepiga akasema simu ichukuliwe. Mchungaji anasema huo ni mlango wa mapepo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sisi wa mkoa wa Njombe tuliyaona yale mauaji ya watoto ya mwaka 2019. Alikuwa darasa la nne, nikimsindikiza shule na kumfuata kila siku. Mtoto aliyekulia hofu ile anawezaje kuyatafuta mambo hayo kwa kupenda? Usiku mwingine namsikia anaweweseka. Nimzuie au nimwache?*

Kamwene sana, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema ulikuwa unamsindikiza shule. Nitafika hapo. Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Naona una hofu mbili zilizofungwa fundo moja: kwamba kitabu kinamharibu mtoto, na kwamba labda alikipenda kwa sababu kuna kitu ndani yake kilikuwa kimeshaharibika. Hii ya pili ndiyo inayokukosesha usingizi, na ndiyo nitakayoishughulikia zaidi.

Nilifundisha fasihi miaka mingi kabla sijasomea unasihi, kwa hiyo nianze na hicho kitabu. Vijana wanaziita riwaya za namna hii fantasia ya giza. Ni hadithi za dunia isiyokuwapo, yenye ramani yake, wafalme wake na uchawi wake, lakini damu inamwagika kama inavyomwagika katika vita vya kweli. Zilikua kwa kujibu fantasia ya zamani, ile ya mashujaa safi ambao mwishoni lazima washinde. Mwingereza Michael Moorcock alianza mwaka 1961 kuandika habari za mfalme mgonjwa, Elric, ambaye upanga wake unakula roho za watu, hata za wale anaowapenda. Mwaka 1996 Mmarekani George R. R. Martin akatoa *A Game of Thrones*, akichota katika vita vya koo za kifalme vya Uingereza ya karne ya 15, na mtu uliyedhani ndiye mhusika mkuu akakatwa kichwa kabla kitabu hakijaisha. R. F. Kuang, aliyezaliwa China akakulia Marekani, alitoa *The Poppy War* mwaka 2018, na sura zake zinazotisha kuliko zote ametumia ndani yake mauaji halisi ya Nanjing ya mwaka 1937. Nakutajia hivi ili ujue kuwa mwanao hajaokota takataka njiani. Kuna waandishi makini humo. Kuna na wababaishaji, tena wengi.

Wala usidhani ni jambo la kizungu lililotuingilia kwa intaneti. Bibi zetu walitusimulia mazimwi yanayomeza kijiji kizima, hadi mtoto mmoja anapolipasua zimwi tumbo watu wakatoka. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa anachomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyehongwa. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, anapachika mshale na kufia hapohapo, goti chini na upinde umevutwa. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, hakuna anayethubutu kwenda kuchota maji mpaka alipoanguka. Nimewasomea wanafunzi kipande hicho mara nyingi, na kila mara darasa linanyamaza kimya kabisa. Hawakufurahia kifo. Walikuwa wanaitazama ile sindano mkononi mwa mtoto.

Kuhusu mchungaji, sitabishana naye katika imani, naye anakutakia mema. Ila ukipata nafasi fungua Waamuzi sura ya 19, habari ya yule mwanamke aliyeachwa mlangoni alfajiri, mwili wake ukakatwa vipande 12 na kupelekwa katika mipaka yote ya Israeli. Hakuna ukurasa mchungu kuliko huo. Umeandikwa hivyo ili anayesoma ashtuke, ajue nchi isiyo na haki hufika wapi. Kwa hiyo damu peke yake haituambii kama maandishi ni mabaya. Tunatazama damu hiyo imemwagwa ili nini.

Sasa, kwa nini mtu mzima wa akili afurahie kusoma hayo? Fikiria pilipili. Mdomo unawaka, machozi yanatoka, mwili unapiga kelele kwamba kuna hatari, na akili inajua hakuna hatari yoyote, ni chakula cha jioni. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin alichunguza jambo hili akaonyesha kwamba binadamu hupata raha ya pekee pale mwili unapodanganyika na akili ikajua imeudanganya. Ndivyo anavyosoma binti yako. Mapigo ya moyo yanapanda, viganja vinatoa jasho, tumbo linakaza, na muda wote anajua amekaa kando ya jiko la mkaa nyumbani kwa mama yake, nje baridi ya Juni. Hofu ikipanda kisha ikashuka salama, kushuka kwenyewe ni kutamu. Na katika umri wa ujana mwili unatafuta mihemko mikali kuliko utakavyoitafuta ukubwani. Wengine wanaipata kwenye bodaboda. Yeye kaipata kwenye ukurasa.

Kuna na mvuto wa pili, ambao sisi wazazi na walimu tunaupuuza. Kijana wa umri huo ameambiwa tangu utoto kwamba ukiwa mwema utafanikiwa. Halafu anatazama mtaani, anaona mwema kadhulumiwa na mwongo anajenga ghorofa. Anapokutana na riwaya ambamo wema wanashindwa, wafalme wanadanganya na hakuna anayetoka na mikono safi, anahisi kuna mtu mzima hatimaye amemwambia ukweli. Wanafunzi wangu kadhaa wamenieleza hivyo kwa maneno yao wenyewe, na sikuwa na la kuwapinga.

Hapa ndipo narudi kwenye kumsindikiza shule.

Filamu humletea mtu picha iliyokwisha kutengenezwa. Kitabu hakileti picha, kinaleta maneno, na picha msomaji anazichota katika ghala lake mwenyewe. Mtoto wa Njombe aliyekuwa darasa la nne mwaka 2019 ana kitu ghalani. Watoto wenzake walichukuliwa na kuuawa, watu wazima wakawa wananong'ona habari za viungo na imani za kishirikina, na yeye akipita mazungumzo yanakatika. Alishikwa mkono kila asubuhi, mkono ukabanwa kuliko kawaida, na bila shaka aliuhisi. Je, kuna mtu aliyekaa naye akamweleza kilichotokea, kwa maneno ya mtoto, kikiwa na mwanzo na mwisho? Sikulaumu, mama. Wazazi wengi hawakuweza, na wewe ulifanya kazi kubwa kuliko zote: ulimleta nyumbani salama kila siku.

Lakini hofu isiyosimuliwa haiondoki. Inakaa vipandevipande. Huenda mwanao anayatafuta mambo hayo kwa sababu ndani ya riwaya, kwa mara ya kwanza, jambo la kutisha linasemwa mpaka mwisho. Mchawi anayekata watu ana jina, ana sababu zake mbovu, na kuna mtu anayemwinukia. Msomaji anaweza kufunga kitabu muda wowote. Alipokuwa na miaka 10 hakuwa na cha kufunga. Simsemei binti yako, yawezekana anapenda tu hadithi nzuri. Ila swali lako, "anawezaje kuyatafuta kwa kupenda", limebeba jibu ambalo ni yeye tu anayeweza kukupa, na hatakupa akinyang'anywa simu kwanza.

Sasa kuna mambo mawili yanayosemwa sana, nayo hayako sawa.

La kwanza ni lenu wazazi: kwamba anayesoma ukatili atakuwa mkatili. Utafiti mwingi umefanywa kwenye michezo ya video na filamu, vitabu vimechunguzwa kidogo mno. Hata kwenye hiyo michezo, ambako mchezaji ndiye anayefyatua bunduki, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kusema inazalisha vitendo vya jinai na mauaji. Kuna athari ndogo kwenye hasira na ukali wa maneno, wanaendelea kubishana kuhusu ukubwa wake, lakini kutoka hapo hadi kuua ni mbali sana. Msichana mtulivu anayechota maji na kushika nafasi za juu darasani hageuzwi muuaji na riwaya.

La pili ni la binti yako: kwamba akisoma damu hasira zinamwisha. Hili ni wazo la kale, hata wanafalsafa wa Ugiriki walikuwa na lao la kufanana nalo, na ni tamu kulisikia. Lakini mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman aliwachukua watu waliokasirishwa, akawapa wengine mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira kubwa kuliko waliokaa tu kimya. Hasira ni moto, na kuusimamia ukiupepea hakuuzimi. Kitabu kinaweza kumtuliza kwa kumhamisha mawazo kwa saa mbili, hilo ni kweli na lina thamani yake. Ila kama kuna mtu au jambo linalomkasirisha kila siku, atakapoweka simu chini atalikuta palepale. Sentensi yake hiyo nisingeiacha ipite. Ningemuuliza: hasira za nini, mwanangu?

Hasara zipo, na sitazipunguza ili kukupendeza.

Ya kwanza ni mazoea. Mwili unaopewa mshtuko uleule kila usiku unapunguza kushtuka, basi mwandishi mvivu anaongeza dozi: jana mkono ulikatwa, leo matumbo yako nje, kesho itakuwa mtoto mchanga. Msomaji anafukuzia mshtuko na hadithi inamponyoka. Ya pili inaniuma kama mwalimu na kama mwanamke. Katika nyingi ya riwaya hizi mwanamke anabakwa sura ya pili ili mwanamume apate sababu ya kulipiza kisasi sura ya kumi, na yeye mwenyewe hatajwi tena. Msichana wa miaka 16 akikutana na hilo vitabu vitano mfululizo, bila mtu wa kuzungumza naye, anajifunza kitu kuhusu mwili wake ambacho si kweli. Kama kuna jambo moja katika vitabu hivyo la kukufanya ukae naye wiki hii, ni hili. Ya tatu ni kukata tamaa. Baadhi ya waandishi wanaamini kwamba kuonyesha kila kitu kimeoza ndiyo ukomavu. Kwa mtu mzima ni mtazamo tu wa kubishania. Kwa kijana mwenye huzuni ni mzigo juu ya mzigo.

Utajuaje basi kitabu kizuri na kibaya, na Kiingereza cha kurasa 600 hukiwezi? Nina kipimo kimoja ninachokiamini. Nilikipata Kalenga, pale karibu na Iringa, nilipowapeleka wanafunzi kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kwenye basi walikuwa wakitaniana habari za kukatwa vichwa, kama vijana walivyo. Tulipoingia ndani, mbele ya kile kioo, utani ukaisha wenyewe. Mtunzaji akawaeleza: Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Wahehe hawakuacha kukidai. Kikaandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kikarudi mwaka 1954. Miaka 56 watu wanadai kichwa cha mtu mmoja. Msichana mmoja aliyekuwa anacheka kuliko wote kwenye basi aliniuliza, tukiwa tunatoka, kama mama yake Mkwawa alikuwa hai wakati ule.

Ndicho kipimo chenyewe: nani anamlilia aliyekufa? Katika riwaya nzuri, hata iwe na damu namna gani, kila maiti ina mwenyewe. Kuna anayeitafuta, kuna anayekosa usingizi, hata muuaji habaki alivyokuwa. Katika riwaya mbovu watu wanaangushwa na kuhesabiwa kama magogo ya msitu wa Sao Hill yanavyopakiwa kwenye lori, na ukurasa unaofuata wahusika wanakula na kucheka. Mfundishe binti yako kuuliza swali hilo. Atavitupa vitabu vingine mwenyewe, bila wewe kugusa simu.

Tuje kwenye uamuzi. Baba yake anasema ichukuliwe. Naelewa, yuko mbali, barabarani, na kuchukua ndilo jambo pekee linaloweza kufanyika kwa simu. Faida yake ni kwamba leo usiku hatasoma. Hasara ni kwamba binamu yupo na simu za wenzake zipo, na kuanzia siku hiyo atasoma bila wewe kujua, na akikutana na kitu kilichomwumiza hatakuja kwako. Kumwacha tu nako sikushauri, kwa sababu ya kuweweseka na kwa sababu ya hizo hasira.

Ningechukua njia ya katikati, ambayo inataka muda wako. Mwombe akusimulie. Mkiwa jikoni mnamenya viazi, akueleze kwa Kiswahili yule mfalme ni nani na anagombana na nani. Mtoto anayeweza kukusimulia riwaya ya Kiingereza ya kurasa 600 kwa Kiswahili safi anafanya kazi ya akili kubwa kuliko mitihani mingi niliyowahi kutunga. Usikimbilie kukemea. Uliza maswali ya msikilizaji wa hadithi: ikawaje? Na mama yake alisemaje? Utasikia mahali anapopita haraka, na mahali sauti inapobadilika. Hapo ndipo pa kusikiliza.

Usiku ni suala jingine, na hapo kuwa mkali. Kijana wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Picha inayoingia kichwani dakika za mwisho kabla ya usingizi ndiyo inayopata nafasi ya kuzunguka. Saa tatu usiku simu ikachajiwe sebuleni, yake na yako pia, asione ni adhabu. Akitaka kusoma sura ya vita, asome mchana. Na kama ndoto mbaya inajirudia, kuna njia wataalamu wanaitumia, nawe unaweza kuianza nyumbani: mchana, akiwa ametulia, akusimulie ile ndoto, halafu achague mwisho mwingine autakao yeye. Mlango unafunguka, au baba anatokea na lori, au yeye ndiye anayeshika panga. Kisha aupitishe huo mwisho mpya kichwani dakika kumi hivi kila siku. Inaonekana ni jambo dogo, lakini nimewaona watoto walioanza kulala tena kwa njia hiyo.

Kuna dalili ambazo ukiziona usisubiri barua yangu wala ya mtu mwingine. Kama anajikata au ana alama mikononi anazoficha kwa sweta. Kama anazungumzia kufa kwake mwenyewe. Kama anaumiza wanyama, au ameacha chakula, rafiki na masomo kwa pamoja. Kama kuweweseka kunazidi mwezi na haamki na nguvu. Na kama kuna sura za namna fulani, hasa za kubakwa, anazozirudia tena na tena, muulize kwa upole kama kuna mtu aliyewahi kumgusa au kumtisha. Vijana wengine huenda kwenye vitabu hivi kutafuta maneno ya jambo lililowapata. Likiwa ndilo, mwamini kwanza, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Namba 116 inapokelewa bila malipo kwa masuala ya watoto, na yeye mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa mambo ya usingizi, huzuni au kujiumiza, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, au njooni ya kanda hapa Mbeya, muulizie huduma ya afya ya akili. Mzee wa familia akisema hospitali ni ya vichaa, mwambie mimi nimekutuma.

Na uanze kesho, kabla baba yake hajarudi, na ule ukurasa uliouona. Mwambie uliifungua simu yake bila kumwomba, umwombe radhi kwa hilo. Mwambie ulipouona ulikumbuka ile njia ya shule, wewe na yeye, mwaka 2019. Halafu muulize yule mtu aliyefungwa kwenye mti alikuwa nani, na kama kuna aliyekuja kumfungua.